Tundu Lililo Juu ya Sikio la Kushoto

Lubumbashi, Bel-Air
Jumanne, wiki ya pili ya mwezi wa tano

Kwa Ndugu Ézéchiel Kambale,
Mhariri wa "Kengele", gazeti la parokia yetu

Sababu ya barua: malalamiko juu ya ukurasa wa nne

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu pamoja na heshima yote inayokustahili kama mhariri, na ile nyingine inayokustahili kama mtoto niliyemfumia kofia siku alipozaliwa. Mama yako, Kahambu, alikuwa amefika hapa kutoka Butembo hata mwaka haujaisha, hajui mtu, na kichwa chako kilikuwa kikubwa. Nililazimika kuongeza vitanzi kumi na viwili. Sisemi hivyo kukuaibisha. Nasema ili ujue ni nani anayekuandikia.

Mimi ni Régine Musonda, mke wa Stanislas, mstaafu wa reli. Nakaa katika ile parcelle, nyumba na ua wake, yenye lango la bluu, pale ambapo wamama wa mtaa wanakuja kufuma kila Alhamisi mchana. Nilipaswa kuandika walikuwa wanakuja. Sasa hawaji, na sababu ni gazeti lako. Tena mjukuu wangu Estelle, anayekaa kwangu, atajifungua mwezi ujao, katikati ya baridi, na kofia iliyo kwenye sindano zake ni ya kwanza katika ukoo huu kufumwa bila tundu juu ya sikio la kushoto. Nataka tundu lile lirudi kabla mtoto hajafika. Ndilo lalamiko langu lote, na kama una kazi nyingi unaweza kuishia hapa. Nakushauri usiishie hapa.

Naandika kwa Kiswahili cha masista walionifundisha, si kile tunachosemea nyumbani, ili uone kwamba sichezi.

Katika toleo la mwezi wa tatu mlichapa makala ya binti Sephora, yule anayefundisha kompyuta nyuma ya sakristia, yenye kichwa: "Unaanza kufuma? Namna ya kutafuta masomo na wenzako kwenye internet." Niliisoma mara moja tu, kisha nikaiweka mahali panapoistahili, ndani ya mbabula, chini ya makaa, nikawashia moto wa maharage. Iliwaka vizuri. Hata hivyo naikumbuka neno kwa neno, maana Mungu hakuninyima kichwa, na nitaijibu hatua kwa hatua kama alivyoipanga yeye.

1. Hatukuulizwa.

Sephora anawaambia wanaoanza kwamba hatua ya kwanza ni kuandika kwenye simu maneno mawili, kufuma na kuanza, kwa Kifaransa ikiwezekana, kwa kuwa kwa Kifaransa majibu ni mengi. Ndugu Mhariri, tangu mwaka wa 1983 mtu wa Bel-Air anayetaka kuanza kufuma anaijua hatua ya kwanza. Anagonga lango la bluu. Amebeba paketi ndogo ya sukari. Anakaa kwenye benchi, upande wa jua kama ni mwezi wa sita. Nauliza mama yake ni nani, baba yake anafanya kazi gani, mimba iko ya miezi mingapi, na kama mwenye mimba, yaani baba wa mtoto, anajulikana. Ndipo ninapompa sindano. Mtu akitoka kwangu anajua kufuma, na mimi najua mengine yote. Mpango huu haukuwahi kulalamikiwa na yeyote.

Internet, kwa jinsi nilivyoelezwa, haikuulizi mama yako ni nani. Nashangaa gazeti la Kanisa linawatuma mabinti mahali pa namna hiyo.

2. Mwalimu hana kichwa.

Makala inasema kwamba kwa anayeanza video ndiyo nzuri kuliko maandishi, kwa sababu unaona mikono. Ni kweli, unaona mikono. Estelle alinionyesha bila mimi kuomba. Mikono miwili juu ya meza, kucha zimepakwa rangi, na sauti inatoka pasipojulikana. Kichwa hakuna! Hakusalimia mtu. Hakuuliza tumeamkaje. Alianza moja kwa moja na kitanzi cha kwanza kama mtu anayekimbizwa.

Na akikimbia hivyo, anasema Sephora, unaweza kumpunguza mwendo. Usipoelewa, unamrudisha nyuma. Ukichoka, unamzima kwa kidole. Mwalimu! Kwa kidole! Madame aliyetufundisha sisi kwenye foyer ya kambi ya reli, shule ya kufuma ya wasichana, angezimwa na nani? Ungemwonyesha kidole ungerudi nacho nyumbani mfukoni. Wiki iliyopita nilikuwa namweleza Estelle jambo la maana kuhusu mashemeji zake, nikaona kidole chake kinanyooka kuelekea kwangu, polepole. Sijui alitaka nini. Sikunyamaza, lakini tangu siku ile namkalia upande ambao mkono wake haufiki.

3. Vielelezo vimezidi watoto.

Kuna maktaba kwenye internet, anaeleza, zenye vielelezo vya kufuma maelfu kwa maelfu, na vingi ni vya bure. Unajiandikisha, unachagua "mtoto mchanga", unachagua "rahisi", unachagua unene wa leni, yaani uzi wa sufu, uliyo nayo mkononi, na maktaba inakuletea vinavyokufaa.

Bel-Air tuna kielelezo kimoja. Kofia moja, soksi aina moja, kikoti kimoja. Wavulana, wasichana, mapacha, mtoto wa mwalimu, mtoto wa dereva, wote ni kile kile, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kukataa. Estelle aliingia maktaba hiyo na mimba ya miezi sita akatoka na mimba ya miezi saba. Alikuwa ameweka akiba vielelezo mia mbili na kumi na viwili, hajafuma hata mstari. Kimoja kilikuwa kofia yenye masikio ya sungura. Mtoto wa watu, mjukuu wa wafanyakazi wa reli pande zote mbili, aende kubatizwa na masikio manne!

Kuhusu huo unene wa leni, naona kwamba duka la mama yako pale sokoni, ambalo miaka yote lilikuwa na leni ya unene mmoja na rangi tatu, sasa lina unene wa aina nne na rangi nisizozijua majina. Sisemi kwamba mhariri alichapa makala kwa ajili ya duka la mama yake. Nasema tu kwamba duka lipo, mama yupo, na makala ipo.

4. Jamii isiyoleta sukari.

Hapa Sephora ameandika kwa moyo wote, na mimi nitajibu kwa moyo wote. Usifume peke yako, anasema. Tafuta kikundi. Soma kanuni zake kabla ya kuandika neno. Kisha jitambulishe, sema unaanza, sema unafuma nini, na usiogope kuuliza swali la kijinga, maana kila mmoja pale alianza.

Estelle alijitambulisha. Alijitambulisha kwa watu elfu kumi na tisa. Aliwaambia mtoto atakuja mwezi wa sita, na kwamba anasikia baridi miguuni, na kwamba anatamani udongo mweupe. Watu elfu kumi na tisa, Ndugu Mhariri, kabla ya dada za Stanislas! Dada za Stanislas wamekwisha kunifahamisha maoni yao, mmoja mmoja, kila mmoja kwa saa nzima. Wale wa kikundi walimtumia Estelle mioyo midogo myekundu. Niliihesabu, ilikuwa mia mbili na sita. Paketi za sukari nilizoziona zikiingia kwa lango la bluu zilikuwa sifuri.

4 tena. Sijamaliza la nne.

Kikundi hicho kiko wazi siku zote na saa zote, kwa hiyo hakina Alhamisi. Alhamisi ya kwanza baada ya gazeti lako, wamama waliokuja kwangu walikuwa sita badala ya kumi na mmoja. Iliyofuata, watatu. Iliyofuata tena alikuja mmoja, na huyo alikuwa anarudisha sufuria. Alhamisi iliyopita nilifagia, nikapanga mabenchi yote manne, nikachemsha maji ya chai, nikakaa. Nilikaa mpaka jua lilipohamia ukuta wa jirani. Basi Stanislas akatoka ndani, akaketi kwenye benchi la wamama, akachukua bunda la leni akalishika kwenye mikono miwili ili nilikunje. Hajawahi kushika leni tangu tumeoana. Iliniuma, nasema kweli. Nilijifanya sioni, tukakunja leni yote, na haikuwa inahitaji kukunjwa.

5. Picha.

Sasa naomba usome polepole.

Kofia yetu ya Bel-Air ina mistari ishirini na minne. Katika mstari wa kenda, yaani wa tisa kwa waliosomea Tanzania, karibu na sikio la kushoto, unakamata vitanzi vitatu pamoja badala ya viwili. Mstari unaofuata unakirudisha kile kilichopungua. Pale panabaki tundu dogo, kidole cha mtoto kinaingia. Kila kichwa kilichozaliwa hapa kimepita chini ya tundu hilo, na chako pia. Tunawaambia wamama wachanga kwamba ni mahali pa mtoto kusikilizia jina lake akiitwa. Wapo wanaosema upepo unaingia. Unaingia, lakini kidogo, na kwa adabu.

Ili kunifurahisha, Estelle aliacha sungura akaanza kofia yetu, nami nikimtajia vitanzi. Nilifurahi, sitaficha. Alifika mwisho, akaona tundu, akashtuka, maana miaka ishirini na mitatu ameishi nami na hakuwahi kuitazama kofia kwa karibu. Badala ya kuniuliza mimi niliyekuwa jikoni, hatua saba kutoka kitini kwake, alifuata ushauri wa gazeti lako: ukikwama piga picha, iweke kwenye kikundi, utajibiwa haraka. Haraka ni kweli. Kabla bukari, ugali wetu, haijaiva alikuwa na majibu arobaini na moja. Mmoja mwenye picha ya paka mahali pa uso aliandika kwamba ni kosa la kawaida sana kwa anayeanza, asikate tamaa. Mwingine alichora mshale mwekundu. Mwingine alieleza jinsi ya kufumua bila kupoteza vitanzi. Mmoja alisema pole. Pole, kama tumefiwa! Watu ambao hawajawahi kukanyaga Bel-Air, wala Kampemba, wala hata stesheni. Sikuyasoma majibu hayo mimi. Nilisomewa, mara tatu, kwa ombi langu.

Nilimwambia Estelle aliache tundu. Alinijibu kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kwa sauti ya upole iliyonichoma zaidi: nkambo, ile iko faute, bantu bote banaona. Mimi nkambo, bibi yake, naambiwa kosa! Akafumua. Akafuma upya, mstari wa kenda umenyooka.

Na Sephora, ambaye ni rafiki yake, aliomba picha ile ya kwanza, nanyi mkaichapa katika toleo la mwezi huu, ukurasa wa nne, pamoja na mshale, chini ya maneno "Makosa ya kawaida ya wanaoanza". Mhariri wangu! Mtaa mzima umesoma katika gazeti la Kanisa kwamba kwa miaka hamsini umekuwa ukienda kubatizwa na kosa kichwani.

6. Matokeo.

Wanawake wamechukua sindano wanaziba matundu. Mama wa mapacha, yule wa karibu na depo ya makaa, ameziba yote mawili kwa uzi mwekundu juu ya kofia nyeupe, mawee, kama amepiga mihuri. Jumapili iliyopita walibatizwa watoto watano na hakuna hata mmoja aliyekuwa na tundu. Mimi nilikaa benchi la pili, nikatazama vichwa vitano, nikashindwa kujua yupi ni wa nani.

Tafakari jambo hilo linakotupeleka. Pale wanapozalia kuna muuguzi ambaye kwa miaka yote alimjua mtoto wa Bel-Air kwa tundu lake. Sasa hana alama. Siku moja atampa mama wa Bel-Air mtoto wa Annexe, kule pembezoni mwa mji, na wetu atakwenda Annexe. Yule wa Annexe atakua hapa kwetu kwenye saruji akichimba chimba ua bila kujua anatafuta nini. Wetu atakua huko katikati ya mihogo, akisikia treni kwa mbali na kulia bila sababu. Wakifikia umri watatembeleana. Mmoja ataoa dada yake mwenyewe, na wewe, Ndugu Mhariri, ndiwe utakayechapa tangazo la ndoa yao, ukurasa wa nne.

Stanislas anasema nimetia chumvi. Yeye aliendesha treni miaka thelathini na mmoja na anadhani kila kitu kina breki.

7. Tundu ni la mtu.

Lalamiko hili sikutaka kuliandika. Nimeliandika mara mbili na kulichana mara mbili.

Nilijua kwamba ni kosa. Nilijua tangu siku ya kwanza, kabla ya yule wa paka kuzaliwa. Mwaka wa 1974 tulikuwa wasichana thelathini kwenye foyer ya kambi, na mimi nilikaa karibu na Martine, binti wa fundi mmoja kutoka Kasai. Tulikula sahani moja, tulisuka nywele pamoja, tuliambukizana hata surua. Kulikuwa na wageni wakubwa wanakuja kukagua kazi zetu, na Madame alitutaka tufume kofia kwa ukimya. Alikuwa amevaa viatu vipya siku ile, kimoja kinalia na kingine hakilii. Nilimnong'oneza Martine neno kuhusu viatu vile. Neno lenyewe siliandiki katika gazeti la Kanisa. Martine alikuwa kwenye mstari wa kenda. Alicheka kwa ndani mpaka mabega yakaruka, na sindano ikakamata vitanzi vitatu.

Madame hakuona. Alikusanya kofia, akasema ya Martine ndiyo safi kuliko zote, akaipigilia ubaoni iwe mfano. Wasichana thelathini tukaifuata kama ilivyo, na tundu lake, maana nani angemwambia Madame kwamba mfano wake una tundu? Waliotoka pale wakafundisha wengine, na wengine wakafundisha wengine. Watoto wote wa Bel-Air wamefunikwa na kicheko cha Martine juu ya viatu vya Madame, na tulijua sisi wawili tu.

Martine aliondoka mwaka wa 1992 kwa treni ya Kasai, watu wa kwao walipofukuzwa huku. Kila mtu wa umri wangu anazijua treni zile na kwa nini watu walipanda, nami sitasema zaidi. Stanislas alimtafutia nafasi karibu na dirisha. Nilikuwa nimemfumia mtoto wake mdogo kofia usiku kucha, na treni ilipotoka Martine alimwinua mtoto dirishani ili nione tundu. Nililiona mpaka sikuliona tena. Zilikuja barua mbili, kisha hakuna. Sina picha yake, Ndugu Mhariri, vitu vyetu viliungua katika vurugu za mwaka ule. Lakini kila ninapofika mstari wa kenda nacheka kidogo peke yangu, na wamama wa benchi wanadhani ni uzee. Mkiliziba tundu lile, mnamziba yeye, na mimi namkosa kila siku.

Kwa sababu hizo zote naomba mambo manne, na sitapunguza hata moja.

Kwanza, toleo lijalo lichape masahihisho: tundu la Bel-Air si kosa la wanaoanza. Si lazima mseme ni nini. Pili, internet ifike kwangu yenyewe, siku ya Alhamisi, ijitambulishe kama mgeni mwingine yeyote. Kama haina miguu imtume Sephora, na asisahau paketi ya sukari. Tatu, video zote za kufuma zizimwe katika Bel-Air kila Alhamisi mchana, kuanzia vyombo vinapooshwa hadi mkaa wa jioni unapowashwa. Kama parokia haina uwezo huo, mwandikieni askofu. Nne, Estelle aagizwe kufumua kofia mpaka mstari wa nane, kutoka altareni ikibidi. Mimi siwezi kumwambia, kwa kuwa tangu Jumapili hatusemezani isipokuwa mambo ya chumvi.

Usiponijibu katika toleo lijalo, nitaacha kulisoma gazeti lako, na maharage nitayawashia kwa kitu kingine.

Naikunja barua hapa kwa kuwa karatasi ya Stanislas imekwisha, si kwa kuwa maneno yamekwisha. Nisalimie mama yako Kahambu, mwambie sina kinyongo naye ila na rafu yake ya tatu, ile ya leni mpya. Nisalimie Padri, katekista, waimbaji wa sauti ya pili wote na wa sauti ya kwanza wale wanaofika kwa wakati, wazee wa baraza, mlinzi wa lango la kanisa, na mama wa mapacha pamoja na mihuri yake. Sephora msalimie pia, lakini kwa kifupi.

Ni mimi mwenye kukuheshimu na kukulalamikia,

Régine Musonda
Mwalimu wa kufuma, Bel-Air yote

N.B. Jumatano asubuhi. Bahasha ilikuwa imekwisha kufungwa. Nimeifungua kwa sindano namba tatu, usishangae kuona imechanika.

Jana jioni Estelle alikuja jikoni na simu yake, akasimama. Nilidhani anataka chumvi. Akasema kumekuja jibu la arobaini na mbili. Limeandikwa kwa Kifaransa na kijana mmoja wa Mbuji-Mayi, huko Kasai, ambaye mwenyewe hafumi. Anasema dada yake alikuwa anatafuta vielelezo vya soksi, akafungua picha ile, na bibi yao aliyekaa karibu akamnyang'anya simu. Bibi anasema hilo si kosa la anayeanza. Anasema ni vitanzi vitatu, mstari wa kenda, na sababu ni viatu vya Madame, kimoja kilikuwa kinalia. Anauliza kama Régine angali hai.

Nilimwomba Estelle anisomee tena. Alisoma mpaka betri ikaisha. Tulilia wote wawili, na Stanislas alikuja kuona kama kuna msiba, akaambiwa, akaketi chini kwenye sakafu na suruali yake safi. Estelle hakuhitaji agizo la altareni. Alifumua kofia mwenyewe mpaka mstari wa nane, akanipa sindano ili wa kenda niufume mimi.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, tafadhali usiichape barua hii. Masahihisho acha. Askofu mwache apumzike. Video ziachwe ziende, hata Alhamisi, hasa Alhamisi. Naomba badala yake unitumie leo hii, kwa mtu yeyote anayepita, nakala nyingine ya ukurasa wa nne wa mwezi wa tatu, maana yangu unajua ilikokwenda. Nataka ile sehemu ya kujitambulisha kwenye kikundi. Wananiuliza nimefuma kwa muda gani na nafasi waliyoacha ni ndogo, tena wanataka picha ya uso, nami nina ile ya kadi ya kupigia kura tu, ambayo Martine akiiona atacheka mpaka augue.

Na kuna jambo la haraka. Martine anauliza kama tundu bado linafumwa Bel-Air, anataka kuona. Nimejibu ndiyo, linafumwa kila nyumba. Sasa tangaza leo jioni kanisani, nakuomba, kwamba wote walioziba wazibue, na mama wa mapacha aanze leo kwa kuwa ana kazi mara mbili. Waje kesho kutwa na watoto, kofia na simu zenye moto wa betri, tupige picha. Alhamisi safari hii itakuwa Ijumaa, maana kesho watakuwa bado wanazibua, nami sitaweza kungoja wiki. Sephora aje wa kwanza, akae upande wa jua. Sukari nitaweka mimi.